Mlango wa Ncha na Mlango wa Mviringo

Nilimposa Netta Rankine Siku ya Milango Wazi, wageni wanapokaribishwa kuutazama ukumbi wetu, saa ya chai, huku nimeshika skonzi iliyokwisha kukanyagwa. Sikuwa nimepanga. Mgeni mmoja kutoka Glasgow, bwana mrefu aliyekuwa akitazama paa kama nilivyomwelekeza, alijikwaa kwenye kile kingazi cha sakafuni tunachokiita Ugomvi, akaenda mbele mikono imetanda, akaikumbatia meza ya vitafunio na kushuka nayo. Skonzi zilibingirika hadi chini ya jukwaa. Netta alitoka jikoni na kitambaa mkononi, akamtazama mgeni, akanitazama mimi, akacheka mpaka miguu ikamwisha nguvu, akakaa sakafuni katikati ya jemu. Nilipopiga magoti kuokota, nikajikuta uso kwa uso na mwanamke wa miaka sabini na moja mwenye krimu kwenye nyusi, na maneno yakanitoka yenyewe.

"Netta," nikasema, "tuoane."

Alijifuta machozi. "Murdo Lumsden, umepiga magoti kuposa au kuokota skonzi?"

"Yote mawili. Nimeshafika chini, na kushuka mara ya pili ni kazi."

"Haya basi, nimekubali. Sasa niinue."

Mgeni wa Glasgow, akiwa bado amelala kifudifudi, alipiga makofi. Nilimwinua Netta, nikamshika mkono kama kijana, tukaelekea jikoni tukicheka wenyewe. Tulipofika mlangoni akasimama ghafla.

"Murdo," akasema, "siku hiyo tutatokea mlango gani?"

Nikaiweka skonzi mezani taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

Mtu wa mji wetu wa Kirkbrannan haulizwi anakaa mtaa gani. Anaulizwa ni wa mlango gani. Ukumbi wetu ulijengwa na makanisa mawili ambayo hayakuwa yakisalimiana. Mwenye kiwanda cha kitani alipofariki, aliacha kiwanja na mawe kwa sharti kwamba makanisa yote mawili yajenge ukumbi mmoja chini ya paa moja. Wakakubali, kwa kuwa hakuna upande uliotaka kuwaachia wenzao mawe. Lakini kila upande ulileta msanifu wake na waashi wake. Wakaanzia ncha mbili, wakakutana katikati, kama watu wawili wanaokunja shuka bila kuangaliana.

Upande wa magharibi, ambao ni wa kwetu, madirisha yamechongoka juu kama viganja viwili vinavyoomba. Kila boriti ya paa inaishia kwa malaika wa mbao, mabawa wazi, na hakuna malaika wawili wanaofanana. Upande wa mashariki madirisha yana vichwa vya mviringo, na boriti zimepigwa randa zikawa laini tupu, bila hata jani moja, kwa sababu wazee wa upande ule waliamini kwamba ukishachonga malaika, kesho utachonga sanamu na keshokutwa utaisujudia. Mbele, kwenye Mtaa wa Kinu, kuna milango miwili. Mmoja una tao la ncha na majani ya mawe yanayoupanda pande zote. Mwingine una tao la mviringo na hauna pambo lolote isipokuwa usafi wa kazi yenyewe, ambao, nakiri kama mtu aliyesoma, si mdogo.

Na kuna Ugomvi. Mtaa wa Kinu unateremka kidogo, na kila upande ulipima usawa wa sakafu kutoka kwenye kizingiti chake. Walipokutana katikati, sakafu moja ilikuwa juu ya nyingine kwa unene wa kitabu cha nyimbo. Kila upande ukangoja mwenzake ashuke au apande. Bado tunangoja. Kuna kingazi kirefu kinachokata ukumbi kuanzia ukuta wa mbele hadi jukwaani, na watoto wa Kirkbrannan hujifunza kuinua mguu hapo kabla hawajajua kuhesabu. Ukimwona mtu Edinburgh akiinua mguu bila sababu katikati ya ukumbi wa stesheni, msalimie, ni wa kwetu.

Makanisa yale mawili yaliungana kabla sijazaliwa. Milango haikuungana. Zamani watu wa Ncha na watu wa Mviringo walipoanza kuoana, zikatokea vita vya kuamua bibi arusi ni wa nani sasa, na watoto wabatizwe wapi. Wazee wakakubaliana: dansi ya mwisho ya arusi ikiisha, muziki ukiwa bado unapigwa, maharusi watatokea mlango wa mume, na hapo neno limekwisha. Kila mmoja akitokea kwake, ndoa haijafungwa hata kama mchungaji ameifunga. Watu wanakumbuka arusi moja tu iliyoishia hivyo, na wawili wale hawakufika Krismasi.

Netta alizaliwa wa Ncha. Alipoolewa na Alec Rankine, mwoka mikate, alitokea Mviringo, akawa wa Mviringo kwa miaka yote ya Alec na sita ya ujane. Na mimi ni wa Ncha.

"Unarudi nyumbani tu," nikamwambia, nikidhani nimesema jambo zuri.

"Mimi si kabati," akajibu. "Sihamishwi hapa nikapelekwa pale kila nyumba inapopata mwenyewe mpya. Tokea kwangu wewe."

Nikamweleza kwamba haiwezekani. Babu wa babu yangu ndiye aliyechonga majani ya mlango wa Ncha, na katikati ya majani akaficha konokono mmoja mdogo ambaye wageni hawamwoni mpaka niwaonyeshe. Konokono yule nimewaonyesha watu wa kila namna, wakiwamo Wajapani. Maisha yangu yote nilikuwa fundi wa mitambo ya kufuma kiwandani, na usanifu wa majengo nilijifunza kwenye masomo ya jioni, mikono ikiwa bado inanuka mafuta. Nina cheti. Siwezi kuongoza wageni mlangoni kwa Lumsden nikiwa nimetokea mlango mwingine kama mzigo.

Netta alisikiliza mpaka mwisho, akaniletea chai, akasema bado tuna majira ya baridi yote ya kufikiri.

Nilifikiri. Mji mzima ulinisaidia, kwa namna yake. Nikienda kununua gazeti naulizwa kama nimeshajenga ngazi ya dirishani. Kinyozi alishauri nibebwe nje nikiwa nimezirai, ili isiwe kosa langu. Mchungaji Ailsa Baird, binti mchangamfu aliyetoka visiwani na aliyetaka amani kuliko kitu chochote, alisema kwa nini tusitokee jikoni kama afanyavyo yeye, maana tangu afike Kirkbrannan anaingilia jikoni ili asionekane amechagua upande. Ilibidi nimweleze kwa upole kwamba mlango wa jikoni ni wa mapipa ya taka na wachungaji. Bibi arusi akitokea pale watu watasema amekimbia.

Hector Imrie ndiye aliyenichosha zaidi. Hector ni mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, mpiga kodiani, wa Mviringo tangu tumboni, na rafiki yangu tangu tulipokuwa tukiibiana soksi shuleni. Kila tulipokutana alinitazama miguuni na kuuliza, "Bwana arusi mwenye cheti, leo miguu inaelekea wapi?"

Jibu lilinijia mwezi wa Machi, nikiwa nimesimama upande wa pili wa Mtaa wa Kinu nikila chipsi. Nilikuwa nimeuchora ukuta ule wa mbele mara nyingi kuliko nilivyochora kitu chochote duniani. Mlango wa Ncha, mlango wa Mviringo, na katikati yao lile bango kubwa la mbao la matangazo, lililokuwapo hata kwenye picha za zamani kabisa. Nikajiuliza kwa nini bango lina urefu wa mtu na nusu. Nani ana matangazo mengi kiasi hicho? Nikavuka barabara chipsi mkononi, nikagonga ubao. Ukalia kwa sauti ya utupu.

Niliomba kikao cha kamati na nikapewa nafasi baada ya suala la birika linalovuja. Nilieleza kwa vielelezo. Nilisema hakuna msanifu mwenye akili timamu, hata hao wawili, anayeacha ukuta mtupu mahali ambapo jicho linataka uwazi. Nilisema nyuma ya bango kuna mlango wa tatu, mlango wa katikati, uliokusudiwa kuwa wa wote na ukazibwa na wakaidi. Nilisema siku ya arusi yetu, Julai, mimi na Netta tutatokea humo, na tutakuwa wa kwanza.

"Na kama hakuna mlango?" Hector aliuliza.

"Mimi nimesoma, Hector."

"Ndiyo maana nauliza."

Bango liliondolewa Jumamosi asubuhi. Watu walikuja na viti vya kukunja na chupa za chai kama wanaongoja gwaride. Nilivaa tai. Mafundi walifungua parafujo za zamani zilizolia kama nguruwe, bango likashushwa, na moyo wangu ukaruka, maana hakika palikuwa na tao. Kisha vumbi likatulia. Lilikuwa shubaka. Shubaka refu kuliko mtu, kina chake kama cha kabati la nguo, na juu limejazwa vijiti vya viota vya njiwa. Kati ya vijiti njiwa mmoja alitutazama bila hofu. Nikaingia nimeinama, nikagonga ukuta wa nyuma kwa kijiko changu cha chai, kila jiwe, chini hadi kifuani. Mawe magumu mpaka ndani ya ukumbi.

"Mlango upo," Hector akatangaza, "ila ni wa njiwa."

Mtaa wa Kinu ulicheka wote. Netta alicheka kuliko mtu yeyote, ameegemea ukuta, ameshika mbavu, na mimi, niamini ukitaka, nikaanza kucheka pia, kwa sababu yule njiwa alikuwa amefumba macho kama mtu aliyeaibika kwa niaba yangu. Nilijitoa shubakani nikiwa na manyoya kwenye tai, nikaenda jikoni kujisafisha. Netta akanifuata akafunga mlango.

Pale jikoni hakucheka.

"Unadhani nafanya ukaidi," akasema. "Siku niliyotoka na Alec mvua ilikuwa inanyesha. Akavua koti lake akanifunika, akaenda na shati hadi nyumbani, akaugua mafua wiki nzima. Nikitokea kwako, Murdo, itakuwa kama nimelirudisha lile koti."

Niliiruka habari ya koti. Nikataja tena babu wa babu yangu.

"Babu wa babu yako hatakuja arusini," akasema Netta. "Mimi ndiye nitakayekuja. Nitavaa, nitasema ndiyo mbele ya Ailsa, nitacheza nawe mpaka nichoke, kwa sababu nakupenda, mzee mjinga wewe. Lakini dansi ya mwisho ikiisha na bado hatuna pa kutokea, kila mtu atatokea kwake. Na pete utaikuta kwenye kisahani, hapo karibu na birika."

Aliondoa unyoya kwenye tai yangu, akaondoka.

Basi ndivyo tulivyofika Julai. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini, na pia nilikuwa silali. Niliipiga pasi mwenyewe kilti yangu, ile sketi ya mikunjo ya wanaume wa Uskoti, na kila mkunjo nilioukaza nilijiambia nitatokea kwake. Nilipomaliza mikunjo yote nikajiona nimesimama mbele ya wageni chini ya konokono wa watu wengine, na uamuzi ukakunjuka.

Siku ilikuwa Jumamosi, mawingu ya chini, kijua cha mashaka. Kanisani kilti yangu ilinuka kafuri hadi safu ya tatu. Netta aliingia na gauni la rangi ya buluu na kofia yenye unyoya, na alipofika karibu nikatambua ni unyoya wa njiwa. Nilianza kucheka kabla Mchungaji Baird hajafungua kitabu. Netta naye akaambukizwa. Tulisema ndiyo zetu kwa tabu, kama watoto waliokatazwa kucheka, na mchungaji mwenyewe ilibidi ageuke kidogo akohoe.

Ukumbini tulikula pai za nyama, viazi vilivyopondwa na njegere, kisha vipande vya sukari vilivyochemshwa na maziwa ambavyo dada zake Netta hupika mpaka meno yanaimba. Hector alikuwa amelisafisha shubaka kwa ufagio wa mti mrefu, asije mgeni akaona uchafu, akaweka chungu cha maua chini. Halafu akapanda jukwaani na kodiani lake, kijukuu chake cha kike kikashika fidla, na dansi ikaanza.

Sijui niielezeje dansi ya ukumbi wetu kwa mtu ambaye hajaicheza. Kila mahali duniani wanacheza kwa hatua za muziki. Sisi tuna hatua moja ya ziada, ile ya Ugomvi. Unakuja umeshikwa kiuno, unazungushwa, na bila kutazama chini unainua mguu pale pale, na ukumbi mzima unainuka pamoja kama mashua iliyopita juu ya wimbi dogo. Mpwa wake Netta kutoka London alianguka mara mbili, kisha akavua viatu, kisha akaanguka akiwa pekupeku. Watu wa Ncha na wa Mviringo walimwinua kwa zamu. Mchungaji Baird alicheza na kinyozi. Nilicheza na dada zake Netta mmoja baada ya mwingine, mpaka soksi zikashuka vifundoni.

Dirishani kijua kilikuwa kimekwisha kwenda zake na matone ya kwanza yameanza kugonga vioo, Hector alipoegemea mbele.

"Mabibi na mabwana," akasema, "dansi ya mwisho. Menya Mwerebi." Akanitazama miguuni. Kisha akaivuta kodiani.

Katika Menya Mwerebi watu husimama safu mbili ndefu, wanawake huku, wanaume kule, na maharusi huzunguka katikati. Unamzungusha mwenzako mkono kwa mkono, unamwachia, unamdaka mtu wa kwanza kwenye safu, unamzungusha, unarudi kwa mwenzako, unamdaka wa pili, unarudi, mpaka mwisho wa safu, bila kupumzika. Vijana huiogopa. Mimi nilikuwa na miaka sabini na minne, pamoja na nusu ya pai tumboni.

Tulianzia magharibi. Mkono wa Netta, mkono wa mke wa kinyozi, mkono wa Netta, mkono wa dada yake. Nilikuwa nikijua kila mkono ni wa mlango gani. Mwanzoni nilijua. Kisha nikapita Ugomvi, mguu ukajiinua wenyewe, na nikafanya kosa la kutazama paa. Malaika wetu walikuwa wanazunguka. Walitoka kwenye boriti zao wakaenda kutua kwenye boriti tupu za upande wa pili, na madirisha ya ncha yakaviringika, na ya mviringo yakachongoka, na kwa mara ya kwanza tangu niijue kalamu ya kuchorea, ukumbi ule ulikuwa kitu kimoja. Nilisikia mtu anacheka kwa sauti kubwa. Nilikuwa mimi. Mkono wa Netta, mkono wa sijui nani, mkono wa Netta.

Tukafika mwisho, tukarudi katikati peke yetu kama desturi ilivyo, juu ya Ugomvi kabisa, mguu mmoja juu na mmoja chini, tukaanza kuzunguka wa mwisho. Safu zikapanua njia mbili, moja kwenda kila mlango. Kofia ya Netta ilikuwa imefika sikioni. Uso wake tu ndio uliokuwa umetulia duniani, vingine vyote vilikuwa mistari.

"Wapi?" akaniuliza, au nilidhani ameniuliza.

Na mikono ikateleza. Jasho, uzee, vile vipande vya sukari, sijui. Tulirushwa kama maji ya nguo inayokung'utwa. Mimi nilikwenda mashariki kwa hatua ndogo ndogo za haraka, nikasimamishwa na nguzo ya mlango wa Mviringo. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, mvua inanyesha nje.

Hapa nasema wazi, kwa sababu kuna maneno mjini. Nilisimama. Nguzo ile niliikumbatia nikapumua. Nilijua kabisa niko wapi, maana nguzo haikuwa na jani hata moja. Nilikuwa na muda wa kugeuka na kuvuka Ugomvi kurudi kwetu. Sikugeuka. Niliona mvua, nikakumbuka koti, nikaona kwamba mahali pa kusimama mwanamume anayemtaka Netta Rankine ni pale pale aliposimama Alec, si kwa kumfuta, bali kwa kuendeleza. Nikavua koti langu la arusi, nikapita chini ya tao la mviringo mbele ya watu wote, nikasimama kwenye ngazi nimelitandaza juu kwa mikono miwili, nikimngoja Netta aingie chini yake.

Ndani ilisikika kelele. Kisha kicheko. Nikaendelea kungoja na koti langu juu ya hewa tupu, mvua ikiteremka mikononi mpaka kwapani.

"Murdo?"

Sauti haikutoka nyuma yangu. Ilitoka kushoto. Nikageuka. Chini ya tao la ncha, kwenye ngazi za kwetu, Netta alikuwa amesimama peke yake, kofia shingoni, mkono mmoja umeegemea majani ya mawe. Kidole chake kilikuwa juu ya konokono.

"Unafanya nini huko?" akauliza.

"Nimetokea kwako."

"Na mimi nimetokea kwako, mpumbavu. Hilo koti limemfunika nani?"

Nyuma yetu milango yote miwili ilikuwa imejaa vichwa. Hector alikuwa ametoka na kodiani lake, bado analipiga kwa sababu muziki hauruhusiwi kukatika, na alikuwa anatazama huku na huku kama mwamuzi wa tenisi. Desturi yetu ina jibu kwa maharusi waliotokea mlango wa mume, na ina jibu kwa waliotokea kila mtu kwake. Kwa waliotokea kila mtu kwa mwenzake haina hata neno moja. Haikuwahi kumpitia mtu akilini.

Mvua ikaongezeka. Nikakimbia kwenda kwake na Netta akakimbia kuja kwangu, na kwa kuwa kati ya milango ile miwili hakuna pengine pa kujisitiri, tukakutana shubakani. Netta alisukuma chungu cha maua kwa mguu. Tukaenea wawili sawasawa, kama tumepimwa. Nikatufunika kwa koti, lakini lilituziba macho, tukalishusha, na ndipo Netta alipotazama juu akajifuta maji usoni.

"Murdo," akasema taratibu, "wewe mwenye cheti. Hawa ni akina nani?"

Nikatazama. Dari ya shubaka, ambayo haionekani mpaka usimame ndani na kuinua uso, ilikuwa safi sasa, bila vijiti. Toka upande wa magharibi kichwa cha mawe kilikuwa kimejitokeza, ndevu za mawimbi, na nywele zake kila msokoto umefungwa kama konokono. Mkono ule wa babu wa babu yangu ningeutambua gizani. Toka upande wa mashariki kilikuwa kimejitokeza kichwa kingine, laini, kimepigwa patasi kwa usafi mtupu, kazi ya fundi aliyekatazwa na wazee wake kuchonga hata jani. Vichwa viwili, kila kimoja cha ukubwa wa ngumi, vimefumba macho, pua zimegusana. Hapo nikaelewa kwa nini wazee walikimbilia kuweka bango.

"Wanagombana," nikasema, maana ndivyo vichwa viwili vya Kirkbrannan vinavyosogeleana kwa kawaida.

"Wanabusiana," akasema Netta.

"Netta, waashi wale, kwa enzi zile, na kwa kuzingatia mtindo wa..."

Hakuningoja nimalize mtindo. Alinishika mashavu akanibusu, na mtaa mzima ulipiga kelele, na kodiani likatoa sauti ya ajabu kwa sababu Hector alikuwa amesahau vidole vyake viko wapi.

Kamati ya ukumbi imelijadili suala letu vikao vitatu na haijafikia uamuzi kama Netta ni wa Ncha au mimi ni wa Mviringo. Hector anashikilia kwamba sikutokea mlango ule kwa hiari, nilitupwa na kizunguzungu, na mimi nimemwomba aandike kwamba nilisimama na kupumua. Netta akiulizwa kama yeye naye alikusudia, anajibu kwamba alikuwa na kizunguzungu hata hajui alipita wapi. Lakini kidole chake kilikuwa juu ya konokono, na konokono yule hapatikani bila kutafutwa.

Siku za Milango Wazi bado naongoza wageni. Nawaonyesha malaika, nawaonyesha boriti tupu, nawaambia wainue mguu, na wanaanguka hata hivyo. Mwishoni nawatoa nje, wawili wawili, wasimame shubakani watazame juu. Wengi wanasema wanabusiana. Wachache wanasema wanagombana, na hao Netta huwapa skonzi ya pili ili wakatazame tena.